Maandazi ya Kuingia Kamusini

Loth alikuwa tapeli wa daraja la kati, na mwenyewe hakubisha. Aliwahi kuuza dawa ya panya iliyonenepesha panya. Asubuhi moja, redio ya kinyozi pale mtaa wa Mazwi, mjini Sumbawanga, ikaeleza kwamba neno jinzi limetokana na mji wa Jenoa, na hambaga na mji wa Hambugi. Loth akanyanyuka kitini nusu ya kichwa ikiwa bado haijanyolewa. Ulaji huo hapo.

Akaenda kwa Bertilla, mama aliyekaanga maandazi ya ulezi karibu na stendi.

"Shikamoo mama. Natoka ofisi ya kamusi," akasema, shati kalichomekea, kofia kaivuta hadi masikioni. "Hambugi wana hambaga yao. Sisi je? Andazi lako likiitwa sumbawanga, hata Ulaya wataliagiza. Ada yetu ni gunia la ulezi tu."

Bertilla akageuza kwanza maandazi. "Neno linaingiaje kwenye kamusi?"

"Lazima watu walitumie." Hilo alilisikia kweli redioni.

"Basi siku wakilitumia, gunia lako lile pale mlangoni. Ila mimi siwezi kuacha karai nikanadi barabarani. Mwenye ofisi ni wewe."

Loth akalitazama gunia lilivyojaa. Akabeba ndoo ya maandazi.

Wiki tatu alizunguka Mazwi hadi Kizwite akinadi, "Sumbawanga ya moto." Vijana walicheka. Wazee walisita.

"Mwanangu," mzee Baltazari akamwambia, "jina hilo wanasema maana yake ni tupa uchawi. Nitautafunaje na chai?"

Hata hivyo akanunua manne. Ndoo iliisha kila siku na pesa zote zikafika kwa Bertilla, maana Loth aliogopa kuharibu dili kubwa kwa wizi mdogo. "Ningejua utapeli unachosha hivi," alijiambia akikanda miguu, "ningetafuta ajira."

Jumamosi akadai gunia. Bertilla akamgeukia mteja aliyekuwa anaegesha bodaboda.

"Masanja, nikupe nini?"

"Loth mbili, mama."

"Loth ndiyo nini?"

"Si haya maandazi? Mtaa mzima tunayaita hivyo, kwa huyu anayeyatembeza."

Bertilla akamtazama Loth kwa huruma. "Neno watu wamelitumia, mwanangu. Ila sumbawanga sijalisikia."

Loth akafungua kinywa kutoa uongo mpya. Kicheko kikamtoka bila ruhusa yake. Akaketi kwenye benchi, akaingiza mkono mfukoni kutafuta sarafu.

"Basi na mimi nipe loth moja," akasema.