Fundi Ametuharakishia Wimbo

Kwa Mwenyekiti,
Umoja wa Mafundi wa Redio na Vyombo vya Muziki.

Ndugu Mwenyekiti,

Kwa masikitiko makubwa natangaza kupona kwa ghafla kwa gramafoni ya familia yangu, kulikotokea Jumanne mchana mikononi mwa mwanachama wako. Habari ziwafikie ndugu, jamaa na marafiki popote walipo. Jirani tunayetumia naye ukuta mmoja zimeshamfikia.

Mwanachama ninayemlalamikia ni yule fundi wa kibanda cha kona, tunayemwita Hamna Shida kwa kuwa ndilo jibu lake kwa kila jambo. Nilimpelekea gramafoni kwa ajili ya spika, iliyokuwa ikikoroma kama mimi. Spika tu. Aliponirudishia akasema kwa furaha, "Mzee, na ile swichi ya mwendo ilikuwa imeganda, nimeilegeza. Hiyo bure, hamna shida." Nikamshukuru. Ndugu Mwenyekiti, nilimshukuru kwa mdomo wangu mwenyewe!

Ili uuone ukubwa wa msiba, sina budi kukueleza habari za santuri yetu. Ni ile ndogo, ya wimbo mmoja kila upande, ya miaka ya themanini, ya kikundi cha magitaa ambacho sijapata kukutana na mtu mwingine anayekijua. Muuza santuri alitupatia kama nyongeza mimi na mama watoto tuliponunua sindano ya gramafoni, maana ilikuwa imekaa dirishani mwake hadi jalada likapauka upande mmoja. Tukaiweka kwenye gramafoni ya marehemu mjomba wangu, na humo likatoka jitu la sauti nzito, likiimba polepole, kwa uchungu, kama mtu anayepanda ngazi na mfuko wa saruji begani. Lugha yake hatuijui, lakini uchungu hauhitaji mkalimani. Tukalipa jina, Babu Kifua. Kwa wimbo huo tulicheza siku ya harusi yetu, na shangazi yangu, akidhani ni wa ibada, aliinamisha kichwa mpaka mwisho. Upande wa pili hatuupigi kabisa. Siku tulipoujaribu, mama mkwe alituma mtu aje aulize nani amefariki.

Kumbe, anasema Hamna Shida, swichi iliganda kwenye mwendo wa santuri kubwa tangu enzi za mjomba, na santuri ndogo hutaka kuzunguka haraka zaidi. Sasa inazunguka inavyotaka. Malalamiko yangu ni haya:

1. Babu Kifua ni msichana. Tena msichana mchangamfu, anayeimba kama aliyekanyaga kaa la moto akaona raha. Mimi uimbaji wangu wote, wa bafuni na wa hadharani, nimejifunza kwa kumwiga babu huyo. Nimelikwaruza koo langu kwa besi ya mtu ambaye hakuwahi kuzaliwa. Nani atanirudishia?

2. Kazi yangu imeingia dosari. Kama ujuavyo mimi ni fundi cherehani, na naomba suala la koti lako tusiliguse kwanza. Cherehani yangu ni ya kukanyaga, na miguu yangu hufuata wimbo. Jumatano niliweka santuri, nikakanyaga, na kabla sijashtuka nilikuwa nimeushona mguu wa suruali ya mwalimu mkuu nikaufunga chini kama foronya. Hilo nilifumua. Lisilofumuka ni hili: kufikia adhuhuri nilikuwa nimemaliza nguo zote za juma. Wateja wangu wamenizoea na "njoo kesho" yangu. Mmoja alisimama mlangoni akanitazama kuanzia kichwani hadi kwenye kanyagio, akasema, "Fundi! Kumbe unaweza?" Mteja akishajua unaweza, Ndugu Mwenyekiti, amani imekwisha.

3. Watoto. Kifungua mimba wetu alilelewa na wimbo ule. Alitembea alipotaka, akaongea alipotaka, na hadi leo ukimwita mezani anafika vyombo vinaoshwa. Siku zote tumesema ni tabia ya ukoo. Je, ni ukoo au ni swichi? Umoja wako uunde tume.

4. Hili sasa ndilo linaloninyima usingizi. Jumamosi hii kitindamimba wetu anaolewa. Ameomba jambo moja tu kwetu: baba na mama wafungue dansi kwa wimbo wao, kwa santuri ile ile, kwenye gramafoni ile ile. Mimi dansi najua moja. Hatua kushoto, pumzika. Hatua kulia, pumzika. Hapo katikati navuta pumzi, maana nina tumbo ambalo hata mimi fundi nimeshindwa kulishonea suruali ya kulisitiri, na goti la kushoto linalotabiri mvua. Wimbo ulivyo sasa hauna hapo katikati. Na mke wangu, kabla hajanipata, alikuwa mchezaji wa kutazamwa. Kaka zake hawajachoka kunikumbusha: "Dada yetu alikuwa upepo, akaolewa na kabati." Mashemeji hao wote wanakuja Jumamosi, na wameomba viti vya mbele.

5. Sheria. Ikiwa tulicheza harusi yetu kwa wimbo usiokuwepo, ulioimbwa na mwanamume asiyekuwepo, je, bwana harusi alikuwepo? Nilimuuliza mama watoto. Akasema hilo hata yeye amekuwa akijiuliza.

Kwa hiyo naomba, kwa heshima zote, kwamba Hamna Shida aurudishe ubovu aliouondoa, ukiwa mzima kama alivyoukuta, kabla ya Jumamosi. Naomba pia apewe onyo kali asirudie kutengeneza kitu ambacho hakuombwa. Mwisho, Umoja utangaze wazi kwamba kifaa kikishazoeana na ubovu wake kwa muda mrefu, ubovu huo ni mali ya wenye nyumba, na anayeugusa ni mwizi kama wezi wengine. Usidhani sikujaribu njia ya amani. Nilimfuata kibandani nikamsihi aigandishe tena. Alicheka mpaka akakaa juu ya redio ya mtu, kisha akasema, "Mzee wangu, kuharibu sikusomea."

Wasalimie nyumbani kwako wote, wasalimie na mafundi wa Umoja isipokuwa mmoja, na mlinzi wenu wa mlangoni umwambie kaptula yake iko njiani, tena kwa mwendo ambao sikuuomba.

Ni mimi, mwenye haraka nisiyoitaka,
Fundi cherehani wa nyumba yenye mlango wa buluu.

N.B. Tafadhali ukishaisoma barua hii, ichane. Naituma tu kwa sababu koti lako liko tayari, nayo itasafiri mfukoni mwake. Kwapa la kushoto linabana kidogo. Hapo msichana alikuwa amefika kwenye kiitikio.

Lililotokea hasa ni hili. Jioni hii mama watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi akanikuta nimeinama juu ya gramafoni, kidole changu kimegusa ukingo wa santuri ili izunguke polepole. Nilikuwa najifunza namna ya kufanya hivyo Jumamosi bila kuonekana. Alikishika kile kidole akakiondoa, na wimbo ukatoka mbio, na yeye akatoka mbio nao. Kidole hakukiachia, basi na mimi nikaenda. Tumeangusha kiti, tumemkanyaga paka, na jirani amegonga ukuta kwa kufuata mapigo. Wimbo ulipokwisha tulikuwa tumekaa sakafuni tunahema, akaniambia, "Mwenzangu, miaka yote hii najizuia nisije nikakuacha nyuma. Nilidhani mzito ni wewe, kumbe ni wimbo."

Ukweli ni kwamba mzito ni mimi pia, na goti limevimba kama andazi, ila hilo sikumwambia. Wala sikuwa naililia santuri, Ndugu Mwenyekiti. Niliogopa mke wangu akumbuke alivyokuwa. Amekumbuka, na kidole bado amekishika. Barua hii namalizia kwa mkono mmoja.

Hamna Shida asiiguse ile swichi. Naacha hapa. Santuri imegeuzwa upande wa pili, na wala si mimi niliyeigeuza.