Ujumbe wa Suti ya Kijivu

Jamaa waliyemwita Mwalimu, ingawa shule yenyewe aliitoroka, alinusa riziki pale alipomkuta mama fundi cherehani amekaa dukani peke yake, anajipepea na kipande cha kitambaa. Namba za wateja wote alikuwa nazo kwenye simu, ila wateja wenyewe walishamsahau. Mwenye nyumba alikwishaanza kuwaonyesha watu wengine chumba kile.

Mwalimu akamweleza kwamba dawa ni ujumbe wa simu, na bingwa wa kuuandika ni yeye. Malipo yake? Suti moja tu ya kijivu, maana Jumapili alikuwa anakwenda kujitambulisha kwa wazazi wa mchumba wake, na hakuwa na nguo ya kumtetea.

Kwa majigambo akamwaga siri zote: mwite mteja kwa jina, mwambie jambo moja, mpe mwisho wa muda, mtie hofu kidogo kwamba mwenzake atamuwahi. Mimi ninayesimulia nisijifanye mjanja; nina kitanda kimoja na mito minane, yote kwa ujumbe wa namna hiyo.

Mama akaanza kukata kitambaa. Mwalimu naye akautuma ujumbe kwa mtu mmoja tu, mama mwenyewe, ili simu yake ilie aamini kwamba mji mzima umepata. Salio la kuwatumia wengine aliliona la nini?

Mteja aliyekuja kuchukua gauni lake ndiye aliyeharibu mambo: alisema yeye hakupata ujumbe wowote, wala dada yake. Fundi hakugomba. Aliandika ujumbe wake mwenyewe, akawatumia wateja wote. Kisha akaandika mwingine wa mtu mmoja:

"Kaka Mwalimu, suti yako iko tayari. Kuna bwana mwingine imemkaa vizuri. Atakayelipa kabla ya saa kumi leo ndiye atakayeondoka nayo."

Mwalimu aliusoma akiwa kwa kinyozi, akacheka.

"Mama ananichezea mchezo wangu mwenyewe. Hakuna bwana yeyote."

"Basi tulia nikumalize," kinyozi akasema.

Hakutulia. Alifika dukani anahema, kichwa kimenyolewa upande mmoja, akajipenyeza katikati ya wateja waliojaa hadi mlangoni. Akalipa bei kamili. Suti ilipokuwa mkononi ndipo akauliza, kwa sauti ya chini, huyo bwana mwingine yuko wapi.

"Hayupo, kaka," mama akasema bila kuinua macho kwenye cherehani. "Ila kofia ya kitambaa hichohicho imebaki moja tu."

Mwalimu akajishika kichwa, upande wenye nywele, akatoa pesa tena.