Siku Idara ya Malezi Ilipopata Watoto

Natangaza kwa heshima na taadhima kwamba katika mwaka wa pili wa uhuru wetu, suala la watoto wachanga lilipewa ofisi. Kabla ya hapo watoto walikuwa wakizaliwa ovyo na kukua wapendavyo, bila mwongozo wowote kutoka juu. Ofisi yenyewe ilikuwa katika mji wa bandari wa Mahajanga, vyumba vitatu, ikaitwa Idara ya Uratibu wa Utoto wa Awali. Mkurugenzi wake alikuwa Bwana Mouigni, mtu wa suti nyeupe na maneno marefu. Mimi, Boinali, mzaliwa wa mtaa wa Ampisikina mjini humo, nilikuwa katibu wake. Sikuwa na mke wala mtoto, jambo ambalo Mkurugenzi alilisifu siku aliponiajiri. Alisema nitaweza kuamua bila upendeleo.

Mwezi wa nne nikatumwa kisiwani Nosy Be kufungua tawi. Nilipewa chumba pale mjini Andoany, karibu na bandari, chenye meza mbili, viti sita, kabati la majalada na mhuri. Kilichokosekana ni watoto tu, na hilo halikuwa kosa langu, kwani fomu za kuwaandikisha zilikuwa hazijachapishwa.

Siku ya tatu nikasikia kwamba nyuma ya soko kuna mtu analea watoto hadharani.

Nilikwenda mara moja. Nikakuta ua wa makuti, mikeka, na watoto kumi na tisa, hakuna hata mmoja aliyetimiza miaka mitatu. Mama zao walikuwa wachumaji wa maua ya mlangilangi, ya kutengenezea manukato. Maua hayo hayamngoji mtu: huchumwa alfajiri, jua likishapanda harufu imepotea. Basi wanawake wale walikuwa wamepatana, kila mmoja anatoa siku yake abaki na watoto wa wenzake. Seremala wa jirani aliwachongea kigari cha kujifunzia kutembea. Aliyewasimamia wote ni Bi Sittou, mama wa makamo, mfupi, mwenye sauti ya chini na mikono isiyotulia. Nilimkuta anampaka mafuta ya nazi mtoto wa miezi sita aitwaye Daoudou, huku mguu wake ukisukuma kigari chenye mtoto mwingine.

Mimi nilizungumza Kifaransa, kama taratibu zinavyotaka. Yeye alijibu kwa Kikomori kilichochanganyika na Kimalagasi. Naandika hapa kwa tafsiri rasmi.

"Nani aliyekuruhusu kulea?" nikamuuliza.

"Walikuwa wanalia, mwanangu."

"Kilio si kibali."

"Kumbe. Haya, nishikie huyu, nimfute yule kamasi."

Sikumshika. Nilikuwa na kalamu mkononi.

Nikapeleka taarifa Mahajanga kwa telegramu, na Mkurugenzi akajibu siku hiyohiyo, jambo la kihistoria. Alibainisha kwamba ua ule una malezi yasiyoratibiwa. Hauna daftari, hauna msimamizi mwenye cheti, na watoto wanalala saa yoyote wanaposikia usingizi. Ufungwe. Watoto wasubiri utaratibu. Yeye mwenyewe atafika kwa meli Jumatatu kuzindua tawi, na hotuba iko tayari.

Jumamosi nikabandika tangazo kwenye mlango wa ua. Bi Sittou hakubisha. Alikunja mikeka yake, akaniuliza kama nimekula.

Jioni yake akaja ofisini Bahia, mama yake Daoudou, mwanamke wa miaka ishirini hivi, mtoto mgongoni. Mumewe alikuwa baharia na hajaonekana miezi miwili.

"Bwana Katibu," akasema, "nyapara wa shamba ameapa, mwenye kukosa asubuhi tatu asirudi tena. Mama yangu yuko ng'ambo, kisiwani Anjouan. Mtoto nimwache wapi?"

"Subira, dada. Suala linashughulikiwa."

"Na nani?"

"Na ofisi hii."

"Ofisi hii," akarudia polepole. "Kuanzia lini?"

"Kuanzia sasa, kwa mujibu wa tangazo."

Akanishukuru kwa adabu kubwa. Nikajisikia fahari kuona raia ameelimika upesi namna ile.

Jumatatu nilidamka kufagia ofisi kwa ajili ya mgeni. Jua halijachomoza, Bahia akaingia akaniwekea Daoudou kifuani.

"Nikirudi nitamnyonyesha," akasema. "Kabla ya hapo mpe uji mwepesi, kwa kijiko kidogo."

"Dada, hapa ni ofisini."

"Ndiyo, ulinieleza vizuri."

Akatoka mbio kwenda shambani. Nyuma yake alikuwapo mama wa pili, na wa tatu, kila mmoja na salamu zake na mzigo wake. Kulipopambazuka, tawi letu lilikuwa na watoto kumi na tisa na mtumishi mmoja. Kwa takwimu, hakuna tawi lililowahi kukua kwa kasi kama hiyo.

Saa mbili akaingia Bwana Mouigni, suti nyeupe, kurasa kumi na moja mkononi, na wakubwa watatu wa mji nyuma yake. Mtoto mmoja alikuwa amelala ndani ya droo ya majalada. Mwingine alikuwa amejigonga mhuri tumboni, na hivyo ndiye pekee aliyekuwa halali. Mkurugenzi akatafuta mahali pa kukanyaga, akafungua ukurasa wa kwanza.

"Mtoto ndiye taifa la kesho," akaanza.

Taifa la kesho likaanza kulia. Kwanza mmoja, kisha wote.

"Boinali, toa waraka wanyamaze."

"Mheshimiwa, hawajui kusoma."

Nisingependa kuficha kilichofuata. Daoudou alikataa uji, akakataa kubembelezwa, akalia mpaka sauti ikamkauka na tumbo likamvimba kwa kujikaza. Nilitembea naye toka dirishani hadi kabatini, toka kabatini hadi dirishani, na kwa mara ya kwanza tangu niajiriwe niliogopa jambo ambalo halikuwa kupunguzwa cheo. Mkurugenzi alimtazama mtoto, kisha akanitazama mimi. Akazikunja kurasa zake.

"Kamwite yule mama," akasema kwa sauti ndogo.

Bi Sittou alikuja, akanawa mikono kwanza. Akamlaza Daoudou kifudifudi juu ya mkono wake na kumsugua mgongo, taratibu, kama anayesuuza kikombe. Mtoto akacheua, akashusha pumzi, akalala. Akawaendea wengine. Muda si mrefu chumba kilikuwa kimya, tukasikia watu wakipita barabarani.

"Mama," Mkurugenzi akasema, "Idara inakuteua uendelee."

"Mimi naendelea, baba. Lakini kwetu mwenye kutaka neno katika ua hutoa siku yake. Wewe siku yako ipi?"

"Mimi ni Mkurugenzi."

"Basi Jumatatu, maana umeshafika." Akampa beseni.

Wakubwa wa mji walikumbuka shughuli nyingine. Bwana Mouigni alitazama mlango, akawatazama watoto, akavua koti.

Bahia aliporudi saa nne, anatoka jasho na ananukia maua, alimkuta Mkurugenzi amepiga magoti, mikono ya shati imekunjwa mpaka kwenye kiwiko, anamwogesha Daoudou.

"Polepole shingoni, baba," akasema.

"Ndiyo, dada," akajibu Mkurugenzi.

Tangazo nililibandua mwenyewe mchana huo. Bahia hakukosa hata asubuhi moja. Tawi likahamia uani, nami nikapewa Jumanne. Meli ya kurudi ilikawia majuma matatu, na katika muda huo Bwana Mouigni aliogesha watoto kwa kiwango ambacho Bi Sittou alikiita cha kuridhisha. Alijua kupima maji kwa kiwiko. Alianza kutoa ushauri ambao hakuombwa.

Habari zilifika Mahajanga kwa midomo ya mabaharia. Siku moja kabla ya meli kufika, ikaja telegramu. Mkurugenzi alikuwa na hakika ni pongezi kutoka juu, akaniagiza niisome kwa sauti mbele ya kina mama wote. Ilitoka kwa mkewe, Bi Nadjma, na ilisema: "Nimesikia unajua kuogesha mtoto. Rudi haraka. Tunao sita."

Niliisoma mara mbili, kwa sababu kina mama waliomba.