Kiatu cha Bwana Bernardo

Jumatatu, 3 Machi
Watu wa televisheni wametoka Dar kuja Tabora kutafuta waigizaji wa vichekesho. Usaili keshokutwa. Uzoefu ninao: miaka mitatu ya maigizo kanisani. Mwaka jana nilikuwa mke wa Nuhu, watu wakacheka mpaka mchungaji akasahau sala. Igizo lenyewe lilikuwa la huzuni. Mama nimemwambia naenda ofisi za wilaya, Isikizya, kusailiwa ukarani. Akaniombea. Nikajisikia vibaya, kisha nikala.

Jumanne, 4 Machi
Anayechagua anaitwa Bernardo. Katoka Dar, basi Mzaramo. Wazaramo ni watani wetu Wanyamwezi tangu babu zetu walipobeba pembe za ndovu hadi pwani, na mtani hakasiriki. Wenzangu watasoma karatasi. Mimi nitamvua kiatu, nimtukane ukoo, nidai fidia. Atacheka, kazi yangu! Nikamdokezea Shamila, mpinzani wangu tangu darasa la tano. Akauliza Mzaramo gani anaitwa Bernardo. Wivu huo.

Jumatano, 5 Machi
Nimekwisha. Nilimvua kiatu mbele ya foleni nzima. Nikasema ukoo wao wavivu, na babu yake hata kaburi lilimkataa. Bernardo akasema, taratibu, kwamba yeye ni Mnyamwezi wa Ipole, na babu huyo ni mzee Lugembe. Mzee Lugembe ni babu yake mama yangu pia. Nimemtukana mjomba wangu! Nikatimua mbio. Kiatu nimefika nacho nyumbani.

Alhamisi, 6 Machi
Mama kakiona kiatu. Nikasema yote, hata ya Isikizya. Hakufoka, ndipo nilipoogopa hasa. Akakamata jogoo, akaniongoza mpaka hoteli aliyofikia Bernardo. Nikapiga magoti: shikamoo mjomba. Marahaba ilichelewa sana. Kisha akaangua kicheko, akasema tangu aondoke Ipole hajatukanwa vizuri namna ile. Nafasi kubwa kampa Shamila, anakuwa mjane. Mimi marehemu. Nitaonekana kwenye televisheni! Mama alicheka mpaka akakaa chini. Nimeshusha pumzi ya siku tatu.

Ijumaa, 7 Machi
Marehemu hasemi hata neno moja. Nataka maneno. Mwenye kuyagawa ni mwongozaji, Bwana Anton, aliyefika leo kutoka Dodoma. Dodoma, basi Mgogo. Wagogo nao watani wetu. Shamila kaanza kunieleza kwamba Dodoma siku hizi wanaishi watu wa kila kabila. Sikumsubiri amalize. Kesho asubuhi namvua kofia.