Shingo ya Masatu

Nimeaibika leo, ndugu zangu. Tena kwa hesabu.

Wanaonifahamu wanajua nasomea uuguzi hapa Musoma, mwaka wa pili. Leo tulikuwa na mtihani wa vitendo na mimi nilipangiwa kichwa na shingo: kuonyesha mishipa ya damu, halafu kupima mapigo ya moyo shingoni. Wiki nzima nimelala na hiyo mishipa. (Usingizi ulikuwa mchache, mishipa ndiyo ilikuwa mingi.) Nikajitungia mpaka njia ya kukumbuka. Ateri ya karotidi inapanda shingoni, ikikaribia taya inagawanyika mbili, kama barabara ya kutoka Bunda ikifika Makutano: moja inakuja Musoma, nyingine inaelekea Butiama. Ya ndani inalisha ubongo. Ya nje inalisha uso, ulimi na ngozi ya kichwa. Vena ya jugula inarudisha damu chini. Asubuhi niliwafundisha wenzangu wanne mlangoni, mkono kiunoni, kama mimi ndiye mwalimu.

Sasa, mdoli wetu wa kujifunzia ameharibika shingo. Kwa hiyo mwalimu wetu, Madamu Wegesa, anaendaga kutafuta mtu mwenye afya pale nje ya kliniki, anampa soda na chapati mbili, anamlaza kitandani awe mgonjwa wa mfano. Anachagua mtu mwembamba mwenye shingo ndefu, mishipa iwe inaonekana vizuri.

Saa nne nikaitwa. Wenzangu wa kundi wakaingia nyuma yangu kutazama. Nikanawa mikono, nikasogea kitandani macho chini, na kwa sababu nilikuwa nimeitiwa shingo, nikaangalia shingo kabla ya uso.

Chini ya taya, upande wa kushoto, kulikuwa na kovu dogo lililopinda.

Hilo kovu nalijua. Lilitokana na ndoana. Tulikuwa ufukweni kwetu Mugango, mtu akarusha mshipi vibaya, ndoana ikanasa shingoni kwa Masatu, kijana wa pale pale kwetu. Mimi ndiye niliyeichomoa. Nilipiga kelele kuliko yeye, mpaka mwenye jeraha akawa ananibembeleza mimi. Jioni ile ndipo nilipomwambia baba kwamba nataka kusomea uuguzi.

Masatu na mimi hatukugombana. Alikwenda kisiwani Rukuba kuvua, akasema miezi miwili. Mimi nikaja chuo. Simu yake ikazama ziwani, kimya kikaanza, na miezi miwili ikawa miaka miwili. Watu waliniambia nitazoea. Sikuzoea. Kila Jumamosi naenda mwaloni boti za visiwani zikifika, naangalia wanaoshuka mmoja mmoja. (Naagaga kwamba nafuata dagaa. Chumbani kwangu kuna dagaa wa kufungulia duka.)

Na sasa yuko hapa, amelazwa mbele yangu, shati limefunguliwa vifungo viwili.

"Habari za siku nyingi, Nyangeta," akasema.

"Salama," nikajibu. Sauti ilitoka kama ya mtoto wa kipaimara.

Madamu Wegesa akainua macho kutoka kwenye karatasi yake. "Sista, mgonjwa wako unamsalimia, unamweleza unachotaka kufanya, unaomba ruhusa. Endelea."

"Naomba nikuguse shingo," nikasema.

"Gusa tu," akasema Masatu. "Hujaanza leo."

Nyuma yangu mtu akakohoa. Halafu mwingine. Kikohozi cha kuambukiza kabisa.

Nikajikaza. Nikamwomba ageuze uso upande wa kulia, nikaonyesha jugula ya nje inavyopita juu ya msuli wa shingo. Sawa. Nikaeleza kwamba karotidi hazibanwi zote mbili kwa wakati mmoja, damu inaweza kupungua kichwani, mtu akazimia. Sawa. Madamu akaandika alama. Ikabaki kuhesabu mapigo.

Nikaweka kidole pembeni ya koromeo. Ngozi ilikuwa ya moto na ilinuka sabuni ya mche, ile ile. Nikaangalia saa ya ukutani. Mapigo yakaja kwa nguvu, haraka, kama ngoma ya harusi. Nikahesabu dakika nzima nisije nikakosea.

"Mia thelathini na mbili," nikasema.

Madamu akanitazama. "Una uhakika?"

"Nina uhakika, Madamu. Moyo wake unakimbia sana. Naomba aitwe daktari." Kisha nikamgeukia mgonjwa, kwa huruma ya kitaalamu. "Usiogope, Masatu. Hali kama hii inatibika."

Madamu Wegesa akaja taratibu, akaweka vidole viwili pale pale. Akamaliza dakika yake.

"Sabini na mbili," akasema. "Mgonjwa mzima wa afya. Sista, ulipima kwa kidole gani?"

Nikaangalia mkono wangu. Gumba.

"Na tulisema nini kuhusu gumba?"

Nikakificha ndani ya ngumi. Akajibu mwenyewe, kwa darasa zima. "Gumba lina mshipa wake, na unapiga kwa nguvu. Ukipimia gumba, unaweza kuhesabu moyo wako mwenyewe." Akanishika kifundo cha mkono, akatazama saa. "Mia na thelathini. Huyu ndiye wa kuitiwa daktari."

Walicheka mpaka pazia likatikisika. Masatu peke yake hakucheka. Alikuwa anatazama dari, masikio yamemwiva.

Nimefeli kituo hicho cha mtihani. Narudia Jumatatu.

Nilipotoka nikamkuta Masatu kwenye benchi na soda yake, pembeni yupo mama yake, ambaye yeye ndiye aliyemleta kliniki ya macho. Nikamwamkia mama, akaitikia, kisha akageuka kutazama mti, makusudi.

"Kwa hiyo mimi mia na thelathini," nikamwambia Masatu, "wewe sabini na mbili tu."

Akazungusha chupa mkononi. "Niliona jina lako kwenye orodha ya mlangoni saa mbili asubuhi. Ningeweza kukataa kulala pale. Nimekusubiri mpaka saa nne. Ulipofika, moyo ulikuwa umeshachoka kukimbia."

Nikamwomba namba ya simu, maneno yakigongana. (Mimi, ambaye asubuhi nilifundisha mlangoni.) Akaniandikia namba mpya kwenye karatasi ya chapati, kisha mama akasema boti haisubiri mtu, wakaondoka. Nikasimama pale mpaka shingo ile ikapotea kwenye watu.

Nimepiga mara tatu, haipatikani. Wanasema Rukuba mtandao unashika mtu akipanda juu ya jiwe. Basi anayetaka kucheka acheke polepole, nisije nikakosa kusikia simu ikiita.