Bi Hafidha Aenda kwa Wayunani

Sudi alikwenda kwa Bi Hafidha kupeleka maji ya waridi ya Jabal Akhdar, akatoka na ndoto ya jambia. Lilikuwa limetundikwa ukutani kwa mjane huyo, pale Nizwa: kipini cha pembe, ala ya fedha, la marehemu mumewe aliyelirithi kwa babu yake. Sudi alilitazama kama paka amtazamavyo mvuvi.

Haja alikuwa nayo, tena ya halali, maana hata mwizi ana haja zake za halali. Ijumaa ilikuwa aende Sur kumposa Shurooq, na ami zake Shurooq ni watu wa kutazama kiuno kabla ya uso. Mposaji asiye na jambia la ukoo, kwao ni mpita njia. Ukoo wa Sudi ulikuwa umemrithisha ulimi tu.

Ulimi ukapata kazi papo hapo. Bi Hafidha alikuwa akitazama kwenye simu picha za mpwa wake aliyekwenda matembezini Ulaya: makaburi ya wafalme wa kale, na mji wa Wayunani wenye nguzo zilizovunjika. Akaguna. Wanawe wote wana magari, akasema, na wote wana udhuru. Safari yake ndefu ni ya kwenda jikoni.

"Shida yote ya nini, Bibi?" Sudi akasema. "Wafalme wako Samad, na mji wa Wayunani uko Ibra. Kwenda na kurudi siku moja."

"Wayunani, Ibra?"

"Iskandar, mfalme wao, alipita na jeshi. Wengine walionja halwa, wakakataa kuondoka."

Bi Hafidha alicheka mpaka ushungi ukamteleza, akakubali. Sudi akaongeza sharti moja kwa sauti ya khatibu: wafalme wale huamkiwa kwa silaha ya ukoo, na mgeni akifika humwachia mlinzi mpaka atakapoondoka. Mlinzi, kwa rehema za Mungu, alikuwa yeye Sudi.

Siku ya safari Bibi alitoka na jambia limefungwa kitambaa cheusi, na Hanifa, mfanyakazi wake wa kutoka Tanga, mwanamke wa maneno machache.

Kule Samad, kilimani penye makaburi ya kale ya mawe, kila chungu ya mawe ilipata mfalme wake. Huyu alikufa kwa wivu, yule alivimbiwa tende. Bibi akauliza kama inafaa kuwaombea rehema. Sudi akamwambia awaamkie tu. Bibi alipokuwa akizunguka kuwaamkia, mlinzi wetu alifungua kitambaa nyuma ya gari lake, akatia jambia la bati alilolinunua sokoni Nizwa, na lile jingine akalisokomeza chini ya kiti. Ilikuwa kazi ya chafya moja.

Ibra, kwenye magofu ya udongo, walipokewa na Myunani. Alikuwa Azzan, rafiki yake Sudi, amejitanda shuka la kitanda lenye maua pembeni, akitamka lugha aliyoitunga asubuhi ile. Bibi alimsikiliza kwa adabu, kisha akamwuliza kwa Kiarabu hali ya mama yake. Myunani akajibu kwa Kiarabu kwamba goti bado linamsumbua.

Sudi akawaharakisha kwenye kahawa. Ili uongo wake unukie heshima, alikuwa amewaalika wazee watatu wa msikitini, akawatangazia kwamba Bibi ni mgeni wake na yeye ndiye mwenyeji. Hapo alijichimbia shimo.

Bibi alipokea finjani, akaiweka chini, akakunja mikono. Nchi ile, mgeni akiiweka kahawa bila kuionja, ana ombi, wala haonji mpaka mwenyeji akubali. Mwenyeji akikataa, heri ahame.

"Mgeni wako ana haja," alisema Mzee Musallam, mkubwa wa wale watatu.

Sudi akawaza: jambia ninalo, kikongwe huyu ataomba nini, halwa? "Kunywa, Bibi. Nimekwisha kubali."

"Ahsante, mwanangu. Niazime gari lako, mpaka nichoke kutembea."

Sudi aliwatazama wazee. Akaona kwamba akirudisha neno lake, habari itafika Sur kabla yake, na Shurooq ataposwa na mwingine. Akatoa funguo. Aliomba tu achukue kifurushi chake chini ya kiti, akaruhusiwa. Hanifa, aliyepata leseni mwaka jana wala mtu asimwulize, akatia gia, akamwachia vumbi.

Sudi alilikwaruza jambia kwa ukucha. Bati. Mwuza duka wa Nizwa, mtu wa kusema, alikuwa amemsimulia Bibi kuhusu mteja mwenye ulimi mtamu aliyetaka jambia lifananalo na la marehemu mumewe. Bibi naye akanunua pacha wake. Lile la fedha halikutoka Nizwa.

Ijumaa Sudi alifika Sur kwa lori la samaki, bati kiunoni. Ami zake Shurooq walitazama kiuno, wakavuta pumzi, wakamwuliza papa anauzaje.

Alikuwa amesimama njiani akitafuta lifti ya kurudi, gari lake lilipotokea, limejaa vikongwe wanaokwenda Jalan Bani Bu Ali. Akapunga mikono yote miwili. Hanifa akapunguza mwendo, na Bi Hafidha akashusha kioo.

"Bado sijachoka, mwanangu," akamwambia, akapandisha kioo.