Kiti Kimoja cha Kwenda Asaba

Jumatatu, 3 Februari

Mwezi mmoja wa ndoa. Asante Mungu. Leo nimeamka kabla ya Iredia ili nimtazame akilala. Anakoroma kidogo tu, kwa heshima, kama gari linalopasha injini. Mume wangu ni dereva wa basi. Hata usingizini anafanya kazi.

Jana baada ya kanisa tulikuwa sebuleni kwa Mama Ebuwa, kama kila Jumapili. Wapenda filamu wote wa mtaa hukutana pale, kila mtu na maoni yake juu ya filamu aliyoitazama wiki hiyo. Mama Ebuwa ndiye mwenyekiti. Zamani alikuwa mwalimu mkuu, na mpaka leo ukidakia maneno anakunyooshea kidole. Baba Aghahowa, fundi cherehani, huangalia mishono tu. Jana alisema ile filamu ya mfalme aliyesalitiwa ni mbaya kabisa, kwa sababu mfalme amezikwa na joho lililopinda bega. Na yupo Madamu Omosede, muuza samaki wa barafu, ambaye ametazama kila kitu na anakumbuka nani alimpiga nani kofi na kwa mkono upi.

Na mimi je? Nashukuru wamenipokea. Hapa jijini Benin ukiolewa umeolewa na mtaa mzima. Hata wanawake wenzangu wananiita mke wetu. Lakini siri yangu naiandika humu. Tangu niolewe sijaona filamu hata moja ikaniingia. Filamu ikianza, Iredia anakaa kando yangu, mwanga wa runinga unamgusa shavu, basi, macho yangu yameshahama. Akicheka, nacheka. Akijipangusa machozi, nalia. Filamu zote nimezitazama usoni mwake.

Sasa habari yenyewe. Mpwa wa Mama Ebuwa ni mtu wa taa katika kampuni moja ya filamu kule Asaba. Ametualika twende tukaone filamu ikitengenezwa. Basi litaondoka Ijumaa tarehe 14, siku ya wapendanao, watu walale huko, warudi Jumamosi. Dereva ni Iredia wangu. Viti vyote vimechukuliwa na wenyeji wa kikao, kimebaki kimoja. Tunaokitaka ni wawili: Madamu Omosede, ambaye alichelewa kusema, na mimi. Mama Ebuwa kaamua kiti kitakwenda kwa atakayetoa maoni bora Jumapili ijayo.

Siku ya wapendanao, mume Asaba, mke Benin? Haiwezekani. Kiti hicho ni changu.

Jumatano, 5 Februari

Mpango wa kwanza: kuchota maarifa kwa adui. Nilikwenda sokoni kwa Madamu Omosede kununua samaki. Nikamsifu kilemba. Nikamsifu mizani. Nikauliza, kama mtu asiye na haja, kama ameona filamu yoyote nzuri siku hizi.

Aliniangalia huku akimgonga samaki kwa mpini wa kisu ili barafu iachie. Akataka kujua tangu lini mpiganaji anamwomba mwenzake ngumi. Nikasema mimi bado mtoto, najifunza. Wateja wakacheka. Yeye naye akacheka.

"Mke wetu," akaniambia, "maoni hayafungwi kwenye mfuko pamoja na samaki. Nenda nyumbani ukatazame."

Halafu akaniongezea samaki mmoja, akasema wa bwana harusi. Nikampenda sana mpaka kona ya soko. Hapo nikakumbuka kiti.

Iredia amesifu mchuzi. Alilamba kijiko mbele na nyuma. Namshukuru Mungu kwa mwanamume anayelamba kijiko.

Ijumaa, 7 Februari

Nimefanikiwa. Nimetazama filamu nzima, sehemu ya kwanza na ya pili, peke yangu.

Ilibidi kwanza nimtoe Iredia nyumbani. Nikamwambia akaoshe basi. Akasema ameliosha jana. Nikamwambia aoshe chini yake. Akaenda, kipenzi changu, bila swali.

Nikachukua diski mbili kwenye boksi lake. Hazina maandishi, zimechubuka, mwanzo zinarukaruka, lakini picha inaonekana. Sehemu ya kwanza: jumba kubwa lenye simba weupe wa saruji getini. Kijakazi mzuri anapendwa na mtoto wa tajiri. Mama mtu hataki, anatia sumu kwenye supu ya bamia. Kijakazi ana njaa. Bakuli linapanda, linapanda, linafika mdomoni. Mwisho wa sehemu ya kwanza. Nilikuwa nimesimama juu ya kochi.

Hapo hapo umeme ukakatika. Nikawasha jenereta mwenyewe, nikaweka diski ya pili.

Jumba lile lile, simba wale wale. Kijakazi sasa ni hakimu, shingoni kajaa shanga za marijani. Yule kijana ni mwizi aliyeletwa mbele yake kizimbani. Na mama mwenye sumu anamwita hakimu mjukuu wangu, anamsuka nywele. Nilishangaa kidogo. Kisha nikaelewa. Sumu haikumuua, ilimsahaulisha tu. Mama mkwe kwa majuto akamlea kama mjukuu na kumsomesha sheria. Kijana kwa huzuni akaingia kwenye wizi. Ni kisa kirefu na wametuachia tukijaze wenyewe. Watu wa filamu wana akili sana.

Iredia alipita dirishani bila shati, ana povu mpaka kwenye nyusi. Dakika chache za kati sikuziona.

Jumapili, 9 Februari

Sijui nianzie wapi.

Madamu Omosede alitangulia. Alizungumzia filamu ya mama aliyefiwa na mtoto. Alisema haina kofi hata moja, haina kelele, ila kuna mahali mama anakunja nguo za mtoto, anaziweka kabatini, anazitoa, anazikunja upya. Alisema yeye mwenyewe alizima runinga akatoka nje kupata hewa. Hata Baba Aghahowa hakuuliza habari za mishono.

Zamu yangu. Nikasimama. Nikasimulia kijakazi, supu, usahaulifu, sheria, wizi, mapenzi kizimbani. Sauti ilipanda. Nikamalizia kwamba filamu hii inatufundisha kuwa mama mkwe yeyote anaweza kubadilika. Watu wakapiga makofi. Iredia alikuwa wa kwanza.

Baba Aghahowa akasema kumbe ndiyo sababu gauni lilibadilika mikono. Jambo hilo lilikuwa linamnyima raha.

Hapo Madamu Omosede akaomba ruhusa ya kusema. Akauliza kwa upole filamu hiyo inaitwaje. Nikasema mwanzo ulirukaruka. Akatikisa kichwa.

"Mke wetu, hizo ni filamu mbili. Jumba ni moja kwa sababu wanalikodi wote. Waigizaji ndio hao hao kila siku. Lakini kijakazi wa supu ana sehemu yake ya pili, na humo anakufa kabla hata majina hayajapita. Hakimu ni mtu mwingine na supu hakuinywa."

Nilitamani sakafu inimeze. Kicheko kilianzia jikoni kikaja mpaka mlangoni. Mama Ebuwa alivua miwani akaifuta. Kisha, ajabu, mabishano yakazuka. Wengine walisema filamu yangu ni bora kuliko zote mbili na wakaomba kuazima. Mwingine akasema kama watengenezaji wangeniuliza mimi mapema, yule kijakazi asingekufa bure. Lakini Mama Ebuwa alinyoosha kidole. Maoni lazima yawe juu ya filamu iliyopo duniani. Kiti kikaenda kwa Madamu Omosede.

Nilicheka na wenzangu. Kisha nilikwenda kulilia uani kwa Mama Ebuwa, nyuma ya tangi la maji, mahali ambapo hakuna anayeona.

Bado nashukuru. Tukiwa njiani Iredia alinishika mkono, akasema yeye angelipa kiingilio kuona filamu yangu.

Jumanne, 11 Februari

Nimepata dawa. Kama siwezi kumfuata dereva, dereva asiende. Iredia akipata homa, safari itaahirishwa, na siku ya wapendanao itatukuta nyumbani.

Hakuupenda mpango. Alisema angetaka sana kuona wanavyotengeneza mvua kwenye filamu wakati jua linawaka. Swali hilo analo tangu utotoni. Nikamtazama tu. Akapumua, akauliza homa ianze lini.

Jamani, mwanamume huyu.

Alhamisi, 13 Februari

Homa imeanza asubuhi. Iredia si mwigizaji. Mama Ebuwa alipomuuliza kichwa kinaumaje, alikohoa. Alipomuuliza kikohozi, alishika goti. Mama Ebuwa akarudi kwake akaleta gilasi kubwa ya maji ya majani machungu, akasimama hapo hapo mpaka amalize. Aliyanywa yote, macho yakiwa kwangu. Sijawahi kupendwa hivi.

Kisha Mama Ebuwa akatuombea, akasema tusiwe na wasiwasi wowote kuhusu safari. Shemeji yake ana leseni. Ataendesha yeye.

Nilikaa chini.

Mchana, hodi. Madamu Omosede. Nilidhani amekuja kumcheka mgonjwa. Alisimama mlangoni na kapu, hakutaka kuingia. Alisema umeme wa wiki hii hauaminiki, akilala Asaba samaki wake watayeyuka, kwa hiyo kiti kile nikichukue mimi, ameshamwambia Mama Ebuwa. Nikasema siwezi, ni chake, amekishinda. Akasema nisimchoshe.

Halafu akashusha sauti. "Nyuma ya tangi la maji panaonekana vizuri tu kutoka dirisha la jikoni. Na mimi niliwahi kuwa mke mpya. Bwana wangu alikuwa dereva wa malori. Nenda na wako."

Nilimkumbatia na samaki wake wote. Nililia kwa furaha. Nililia zaidi nilipogeuka nikamwona Iredia kitandani na blanketi, akinionyesha kidole gumba.

Sasa nina kiti na sina dereva. Nimefikiria mchana kutwa. Hawezi kupona leo. Mama Ebuwa atasema majani yake yametenda muujiza, atamnywesha gilasi nyingine, na shemeji mtu ameshapewa ufunguo. Iredia anasema niende, nikamtazamie ile mvua.

Ijumaa, 14 Februari

Nilipanda basi. Naliandika hili ili ijulikane kwamba nilijaribu.

Kiti kilikuwa kizuri, cha dirishani. Watu waliimba. Bagia za kunde zilipita kutoka mkono hadi mkono. Iredia alisimama getini na blanketi lake katika joto lile, jasho linamtiririka kama mgonjwa wa kweli, ananipungia mkono. Basi likaondoka. Shemeji mtu anakanyaga breki kama anaua nyoka. Iredia wangu angesimama taratibu.

Tulipofika njia panda nikapiga kelele gari lisimame.

Niliwaambia siwezi. Mume wangu yuko peke yake nyumbani. Sikusema uongo hapo, yuko peke yake. Mama Ebuwa akainuka kutoka kiti cha mbele, macho yamemlowa, akawatangazia wote kwamba wamezoea kuona wake wa namna hii kwenye filamu tu, na leo wamemwona wa damu na nyama. Wakapiga makofi. Baba Aghahowa akanipa bagia zake mbili za mgonjwa. Kiti changu wakakiwekea kapu la viazi vikuu.

Nilirudi mbio. Iredia alikuwa bado getini. Blanketi likaanguka.

Jioni Madamu Omosede alikuja na mchuzi wa pilipili wa kambare kwa ajili ya mgonjwa, akatukuta tunacheza muziki katikati ya sebule. Alimtazama mgonjwa miguu. Akaweka sufuria mezani, akasema homa za siku hizi zina miguu mizuri, akaketi, akajipakulia na yeye. Tukamchagulia filamu. Ile ya hakimu, tangu sehemu ya kwanza yake. Nadhani ilikuwa nzuri. Iredia alicheka sana mahali fulani.

Asante Mungu kwa siku hii. Sijawahi kuwa na nyingine kama hii.

Jumapili, 16 Februari

Wasafiri wamerudi. Kikao leo kilikuwa na maoni kupita kiasi. Wote walipewa kazi ya kuwa waombolezaji kwenye mazishi ya filamu. Baba Aghahowa alimrekebishia marehemu kola, na marehemu akamshukuru. Mvua, wanasema, inatoka kwenye gari la maji, na mtu anashika mpira juu ya ngazi. Iredia alisikiliza kinywa wazi, na sasa amepata jibu lake bila kulowa. Unaona? Hakuna aliyepoteza kitu.

Kisha Mama Ebuwa akanisimamisha mbele ya wote. Akasema mke aliyeacha Asaba kwa ajili ya homa ya mumewe anastahili zawadi. Kwenye safari ijayo, ya Pasaka, ninacho kiti, na Iredia ataendesha, na hakuna atakayeshindana. Madamu Omosede aliangalia dari, akauma mdomo.

Nimefikia hitimisho kwamba mipango yangu huwa inafanikiwa. Inahitaji muda tu.

Kimebaki kitu kimoja kidogo. Kiti nilichoahidiwa kiko nyuma, na kile cha kando ya dereva ni cha Mama Ebuwa tangu basi linunuliwe. Lakini mtu anayetapika njiani hukalishwa mbele, kila abiria anajua hilo. Kwa hiyo nitaanza mapema ili wazoee. Kuanzia kesho, kichefuchefu kidogo asubuhi, sokoni, mbele ya wanawake. Nitakataa samaki kwa sababu ya harufu. Kanisani nitatoka nje mara moja nikiwa nimeshika tumbo. Watadhani tumbo langu halipatani na magari, na hakuna mtu hata mmoja atakayefikiria jambo lingine.